Sanduku la Mwaka wa Kumi

Mwanamume anayetaka kumshtukiza mkewe kwa zawadi asikae Umoja. Ahamie kwanza Karen, ambako ua ni mrefu na jirani haonekani, ampe mkewe zawadi yake kule, kisha arudi. Huku kwetu Eastlands, mashariki mwa Nairobi, siri haina pa kulala. Mume wangu hakuliamini jambo hili, na ndiyo sababu kuna watu katika mtaa huu ambao mpaka leo wakiniona na mfuko mkubwa huniuliza kwa upole kama nyumbani kuko salama.

Lawama ziwaendee wajenzi. Umoja ilianza kujengwa miaka ya 1970, kwa mikopo iliyodhaminiwa na Serikali ya Marekani: nyumba ndogo za chini, kila moja na kipande chake cha ardhi, za watumishi wa kipato cha chini. Wenye nyumba wakahamia, wakatulia, kisha siku moja wakainua macho wakaona anga halilipi kodi. Wakajenga juu. Ploti iliyokusudiwa familia moja sasa ina ghorofa tano, ngazi moja ya giza, geti moja na keretaka mmoja. Nikikaanga vitunguu, wa ghorofa ya nne anajua kama vinafuatwa na nyama au sukuma wiki. Mtu akikohoa usiku, asubuhi mama mboga anamwekea tangawizi kando bila kuulizwa.

Basi mtu anaishi mahali kama hapo, na anapanga siri.

Tuanze na tarehe, kwa kuwa hata hiyo ina matata. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inatambua ndoa za aina 5 nchini Kenya: ya Kikristo, ya kiserikali, ya kimila, ya Kihindu na ya Kiislamu. Mtaani tunaijua na ya sita, ile ya njoo-tukae. Msichana anakuja kutembea Jumamosi na begi dogo, Jumapili mvua inanyesha, na Jumatatu anaonekana akianika nguo za watu wawili. Wengi wetu tumepitia zaidi ya moja kati ya hizo tukiwa na mume yule yule. Kuna siku ya begi, kuna siku wazee walipokwenda kwa mahari, na kuna siku ya kanisani, yenye keki na cheti. Mimi nahesabu kuanzia kwenye keki. Mume wangu anahesabu kuanzia kwenye begi, kwa sababu, anasema, hiyo ndiyo siku unga ulipoanza kuisha upesi. Kwa hesabu yake tulikuwa tumetimiza miaka 10 Desemba ile. Kwa hesabu yangu kulikuwa hakuna lolote la kusherehekea ila Krismasi, na hiyo ilikuwa imepita.

Mume wangu alikuwa kwa kinyozi, nusu ya kichwa imeshanyolewa, stima zikapotea. Katika kungojea zirudi akafungua simu na kukutana na orodha ya zawadi za miaka ya ndoa kama walivyozipanga Wazungu. Mwaka wa kwanza ni karatasi. Wa 5 ni mbao. Wa 25 ni fedha, wa 50 ni dhahabu. Orodha hiyo zamani ilikuwa fupi, mpaka mwaka 1937 chama cha wauza vito wa Marekani kilipoirefusha, maana hakuna muuza vito anayependa kuona mwaka ukipita na watu hawajanunua kitu. Mume wangu akateremsha kidole polepole hadi mwaka wa 10. Bati.

Ananiambia alisimama pale pale na kitambaa cha kinyozi shingoni. Dhahabu ilikuwa mbali miaka 40. Fedha ilikuwa mbali miaka 15. Lakini bati! Bati liko Kamukunji, nauli ni ya kwenda na kurudi, na bei inazungumzika. Katika orodha yote ya Wazungu huo ndio mwaka pekee uliotungwa kwa ajili ya Eastlands.

Kamukunji huisikia kabla hujaiona. Ukiwa bado Landhies Road, unapambana na mikokoteni inayotoka Gikomba na watu wanaokimbilia mabasi ya Machakos, tayari nyundo zinakugonga kifuani. Mafundi wale walianza wakiwa hawana paa, jua likiwachoma juu na askari wa jiji wakiwafukuza kutoka upande. Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 1972 ilishauri serikali iache kuwasumbua watu kama hao, kwa kuwa walikuwa wanazalisha mali. Mwaka 1985 Rais Moi akafika pale mwenyewe, akaahidi wajengewe vibanda vya kujikinga na jua. Vibanda vilijengwa, na kelele zikapata mwangwi. Leo pale zinatoka sufuria za kupikia harusi nzima, makarai, toroli, majiko, na zaidi ya yote, masanduku ya shule.

Mtu yeyote aliyesoma bweni Kenya analijua sanduku lile. Fundi hupima bati kwa rula ya chuma na jicho moja, akalikata kwa mkasi wenye mikono mirefu, akaliweka juu ya kipande cha reli ya zamani. Hapo ndipo kazi ilipo. Ukingo mmoja unakunjwa kuingia katika mwingine, unagongwa, unageuzwa, unagongwa tena, mpaka pembe inashikana yenyewe bila kulehemiwa. Kisha mishikio miwili ubavuni, kitasa cha kutilia kufuli mbele, rangi ya bluu au nyeusi nje. Ndani hakupakwi kitu, bati linabaki linang'aa. Mwisho linapelekwa kwa kijana aliyekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mwenye brashi nyembamba na kopo la rangi nyeupe. Huyo ndiye anayeandika jina la mwanafunzi na namba yake.

Ilikuwa mwisho wa Desemba, miaka ile mtihani wa KCPE, ule wa kumaliza shule ya msingi, ulikuwa bado haujafanywa kwa mara ya mwisho, jambo lililotokea mwaka 2023. Kila Januari watoto waliofaulu walielekea kidato cha kwanza na godoro, ndoo, na sanduku la Kamukunji. Kwa hiyo kijana wa brashi alikuwa ameandika majina tangu alfajiri na hakuwa na muda wa kusikiliza hadithi za mapenzi.

"Jina?"

"Mama Baraka."

Kijana akamtazama kidogo, akaandika.

"Namba?"

"Kumi."

"Bweni?"

Mume wangu akacheka sana, akidhani anataniwa. Kijana hakucheka. Akaandika kwa herufi kubwa zilizonyooka, MAMA BARAKA, chini yake NO. 10, akapiga mstari, akaita anayefuata.

Sanduku likapanda matatu ya Umoja. Makanga alilitazama kutoka juu hadi chini akasema, "Mzee, hili lina mabega, litalipa." Likalipiwa nauli ya mtu mzima na kuwekwa dirishani, na mama mmoja aliyepandia City Stadium akaliomba lisogee kidogo.

Sasa keretaka. Keretaka wetu ni mwaminifu sana kwa funguo. Unaweza kumwachia nyumba ukaenda mashambani mwezi mzima na usikose hata kijiko. Habari, hata hivyo, hawezi kuzitunza, zinamwasha. Mume wangu akamwomba alifiche sanduku katika stoo ya chini ya ngazi mpaka Jumamosi, na asimwambie mtu. Keretaka akaapa kwa jina la mama yake. Akalifunika kwa gunia la viazi. Gunia lilikuwa fupi, na upande ulioachwa wazi ulikuwa ule wenye jina langu.

Mimi sikujua lolote. Nilichokiona ni dunia kunibadilikia. Mama mboga alinifungia sukuma, akaongeza nyanya tatu juu, na nilipotoa pesa akanishika mkono, akanitazama machoni, akasema, "Mungu yupo, Mama Baraka." Nikasema ndiyo, yupo, nikaenda zangu. Jirani wa ghorofa ya tatu alinirudishia sufuria yangu kubwa ambayo alikuwa ameiazima Pasaka na ambayo nilikuwa nimeshaifanyia matanga. Alikuwa ameisugua ikang'aa. Jioni, mwenye duka la getini, mtu ambaye hudai kwa aibu hata mwezi ukiisha, alitoa daftari na kusema kwa sauti ya chini, "Mama, si ungemaliza hii hesabu kabla?"

"Kabla ya nini?"

"Kabla tu," akasema, akajifanya kupanga mikate.

Baadaye nilikuja kuelezwa kwamba ploti ilikuwa imegawanyika. Kulikuwa na waliosema ninarudi shule, nimepata bweni mahali panapochukua watu wazima, na kwamba ni vyema, elimu haina mwisho. Hao walikuwa wachache. Kundi la pili lilisema ninakwenda Saudia kufanya kazi za nyumbani, kama walivyokwenda wasichana wengi wa mitaa hii, na kwamba 10 ni tarehe ya ndege. Mmoja wa kundi hilo alikuwa tayari ameandaa barua ya kunipa nimpelekee dada yake Riyadh. Kundi kubwa lilisema ukweli uko wazi kwa mwenye macho: mwanamume ametoka akanunua sanduku, akaandika jina la mke, akalificha chini ya ngazi. Mwanamke anafukuzwa. Na 10 ni siku alizopewa.

Habari za Umoja huwa hazikai Umoja. Usiku ule mama yangu alinipigia simu kutoka nyumbani, na yeye hupiga simu kukiwa na msiba tu. Shemeji wa dada yangu ana rafiki Tena Estate, ndiyo njia iliyopitia. "Mwanangu," akasema, "mimi siulizi. Kitanda chako bado kipo. Kuna kuku amelalia mayai juu yake, lakini tutamhamisha." Kabla sijajibu, salio lake likaisha. Nilipompigia mimi, hakuwa akipatikana. Nikalala nikiwaza kuhusu kuku.

Jumamosi saa kumi na mbili jioni walibisha hodi. Mwenyekiti wa chama chetu cha kukopeshana alitangulia, mweka hazina akafuata, nyuma yao akina mama wengine, na mwishoni kabisa Bibi wa chini. Bibi huyu alizaliwa Majengo, kule Pumwani, mtaa wa Waswahili wa tangu miaka ya 1920, na hajawahi kupanda ngazi zetu ila kwa mazishi. Walikuwa na sukari kilo mbili na majani ya chai. Wakaketi. Waliokosa viti wakakaa kitandani. Mwenyekiti akakohoa.

"Mama Baraka, hatukuja kuuliza. Tumekuja tu kukaa."

Nikasema karibuni. Tukakaa. Nikapika chai kwa sukari yao. Mmoja akasema vikombe vikikaa pamoja havikosi kugongana. Mwingine akasema ndoa ni ndoano. Wa tatu akaanza kusimulia alivyofungasha yeye mwaka mmoja, akafika hadi kituo cha mabasi, na jinsi alivyorudi kwa sababu alikuwa amesahau chaja. Nikatikisa kichwa kwa kila mmoja, nikidhani labda kuna mtu ameachwa na mimi ndiye nitakayetumwa kuongea naye. Ndipo mweka hazina, ambaye ni mwema lakini ni mweka hazina, aliposhindwa kuvumilia.

"Na ule mkopo wa chama, mwenzetu, utatuma kwa M-Pesa ukiwa huko?"

"Huko wapi?"

Kila mtu akanywa chai.

Hapo tukasikia hatua kwenye ngazi, nzito, na kitu cha chuma kikigonga ukuta kila kona. Mlango ukasukumwa kwa mguu. Aliingia keretaka kinyumenyume, kisha sanduku, kisha mume wangu, jasho likimtiririka, ndevu zimenyolewa, akitabasamu mpaka jino la mwisho. Hakuwaona wageni, macho yake yalikuwa kwangu tu.

"Mama Baraka!" akasema. "Hili hapa lako! Miaka kumi!"

Nimekaa Eastlands karibu maisha yangu yote na sijawahi kusikia ploti yetu imenyamaza namna ile. Hata redio ya ghorofa ya pili ilizimwa. Mwenyekiti akasimama, akajifunga leso kiunoni vizuri.

"Baba Baraka," akasema, "unamfukuza mbele yetu?"

Sitajaribu kueleza sura ya mume wangu. Nitasema tu kwamba alitoa simu ili awaonyeshe orodha ya Wazungu, na bando likawa limeisha. Ikabidi aeleze kwa mdomo. Akaanza na karatasi, akaja kwenye mbao, na alipofika kwenye bati mmoja wa akina mama alikuwa analia, na mwingine alikuwa anauliza kama kuna mwaka wa friji. Keretaka alikuwa tayari yuko chini, akisambaza toleo jipya la habari.

Mimi nilikuwa bado nalitazama sanduku. Lilikuwa zuri, nisiwafiche. Kingo zilikuwa zimenyooka, kitasa kilifunga kwa mlio mmoja safi. Nikainua kifuniko. Ndani kulikuwa na mng'ao wa bati na harufu ya rangi, basi.

Aliyezungumza ni Bibi wa Majengo. Alikuwa amenyamaza tangu aingie.

"Mwanangu," akamwambia mume wangu, "kwetu sanduku haliendi tupu. Sanduku tupu hujazwa na mwenye kuondoka. La heri huja limejaa. Hawa hawakukosea."

Na ni kweli. Pwani yote, kuanzia Lamu hadi Unguja, upande wa bwana harusi hupeleka kwa bibi harusi sanduku au begi lenye leso, viatu, manukato, udi, sabuni, na watu hulifungua na kuhesabu kitu kimoja kimoja. Ploti nzima ilikuwa imelisoma sanduku langu sawasawa. Aliyekuwa hajui kusoma ni aliyelinunua.

Akatumwa. Sijui neno jingine la kutumia. Mwenyekiti alimpa orodha, mweka hazina akampa makisio ya bei, na mwanamume akashuka ngazi kwenda Mutindwa, sokoni, ambako hata usiku akina mama huuza chini ya balbu. Wageni walikataa kwenda kwao mpaka arudi. Akarudi na mafuta ya nazi, sabuni za mche, viatu vya mtumba vinavyomtosha yeye, na doti ya leso aliyoichagua kwa rangi, bila kusoma maandishi yake. Mwenyekiti akaikunjua mbele ya mkutano. Ilisema: YA NYUMBANI KWANGU NAYAJUA. Kila mmoja akaisoma kimoyomoyo, akamtazama mwenzake, na baada ya dakika chache wote wakakumbuka wameacha kitu jikoni.

Leo sanduku hilo lina kazi nyingi kuliko baba mwenye nyumba. Panya wa Umoja, waliokwisha kutoboa ndoo za plastiki za kila aina, bado hawajapata jibu la bati, kwa hiyo unga na sukari hukaa humo. Kitanda tulikiinua kwa matofali ili liingie chini. Na kwa kuwa kila mtu aliliona likipanda ngazi, kila Januari kuna mtu huja kuliazima. Limeshakwenda bweni na kijana wa ghorofa ya pili, likarudi na stika ya kiranja ndani ya kifuniko. Jina langu bado lipo nje, limekwaruzwa kidogo. Limesoma kunizidi.

Wanaume wa Eastlands, kwa hiyo, nawaomba mnisikilize. Bati ni zawadi njema, na mafundi wa Kamukunji wanahitaji hela zenu kuliko wauza vito wa Marekani. Nunueni. Lakini msiandike jina, msilete sanduku tupu, na msimpe keretaka kitu cha kuficha. Zaidi ya yote, mwambieni mke kabla hamjamwambia mtu mwingine. Kuwa wa kwanza kupata habari za ndoa yake mwenyewe, kwa mwanamke wa mitaa hii, ni mshangao wa kutosha.